Dawa ya saratani ni ileile, dozi ileile: kwa nini mmoja analazwa na mwingine anapitia sokoni?

MwanaNtyuka #1
Wakuu, habari za jioni.

Mama mdogo wangu na jirani yake wa Nkuhungu, hapa Dodoma, wote wana saratani ya titi. Wamepangiwa dawa zilezile, ile nyekundu pamoja na saiklofosfamaidi, kila baada ya siku 21. Wanakaa viti vinavyofuatana, dripu zinatundikwa muda mmoja. Jirani akitoka pale anapitia Majengo sokoni kununua mboga. Mama mdogo akifika nyumbani ni kitanda na ndoo pembeni, halafu wiki ya pili kinga inashuka mpaka dozi inayofuata inaahirishwa.

Umri wanakaribiana, kimo wanakaribiana. Nikiuliza naambiwa "miili inatofautiana". Sawa, inatofautiana wapi? Dawa ikishaingia mshipani inakwenda wapi, nani anaishughulikia, inatokea njia gani? Msimamo wangu ni kwamba tatizo liko kwenye ini. Wataalamu njooni. Wasio wataalamu pia karibuni, ila msinijazie uzi mlonge.

Chenene #2
Nimekaa paleee na ubuyu wangu. Ngoja waje.

Kipara wa Area C #3
Nyie mnaanza na ini, mimi naanza na boksi. Mwaka 2025 ulichapishwa utafiti wa dawa za saratani zilizokusanywa Ethiopia, Kenya, Malawi na Cameroon. Sehemu isiyo ndogo ya sampuli ilikutwa haina kiwango sahihi cha dawa. Tanzania haikuwamo, lakini mipaka yetu mnaijua. Kabla hujalisingizia ini la mama mdogo, uliza chupa imetoka kiwanda gani na ilihifadhiwaje.

Dawa Baridi #4
Mleta mada, swali zuri. Nipo famasia, nitajaribu kutokuchosha.

Hizo dawa mbili hazifanani hata kidogo. Saiklofosfamaidi ikiingia mshipani bado haiwezi kuua kitu. Ni mahindi tu, lazima yapite mashine ndipo upate unga, na mashine ni ini. Humo kuna kundi la vimeng'enya linaloitwa sitokromu P450. Kwa dawa hii anayebeba mzigo mkubwa ni CYP2B6, wenzake wanamsaidia. Ikishageuzwa inasambaa na damu, inaingia kwenye seli, inavunjika vipande viwili. Kimoja kinazifunga nyuzi za DNA seli isiweze kujigawa, ndicho kinachotibu. Kingine kinaitwa akrolini, hakitibu chochote, kazi yake ni kwenda kuchubua kibofu. Ndiyo maana sista anakurudia rudia "kunywa maji, nenda haja ndogo" mpaka unamchukia.

Mwenye mashine kali anapata unga mwingi kwa haraka. Mwenye mashine nzito anapata kidogo kidogo. Wagonjwa wawili, dozi moja, unga tofauti.

Ile nyekundu, doksorubisini, yenyewe inaingia ikiwa tayari kwa kazi. Kwake ini ni la kuipunguza makali na kuitoa, na nyingi inatoka kupitia nyongo, kwa choo kikubwa. Ini likisumbua, dawa inakaa mwilini kuliko ilivyokusudiwa. Kwa hiyo kabla ya dozi wanaangalia bilirubini, ile rangi ya njano ya kwenye damu ambayo ini huitoa. Ikipanda, dozi inapunguzwa.

Chenene #5
Mashine ya mtaani kwetu umeme ukikatika tunarudi na mahindi kichwani. Wa ini unakatwa na nani?

Sista Mstaafu #6
#5 usicheke, unakatwa na homa ya ini, pombe, na dawa za kununua barabarani.

Niongezee alipoishia #4. Kwenye hizo dawa mbili kuna jambo linawatisha sana ndugu. Siku ya kwanza na ya pili mkojo unatoka mwekundu au wa rangi ya chungwa. Ile ni rangi ya doksorubisini, si damu. Nimeona kaka wa mgonjwa anapiga simu usiku analia kwamba dada anakojoa damu. Lakini mkojo ukiwa umeshasafika, halafu baada ya siku kadhaa ukarudi mwekundu, unauma, una mabonge, hiyo sasa ni habari ya kibofu na ile akrolini. Usisubiri asubuhi.

Na wenye choo cha shimo au cha kuvuta: saa 48 za mwanzo dawa inatoka kwa mkojo, kinyesi na matapishi. Anayemwaga ndoo avae glavu, amwage taratibu isiruke, afunike, anawe kwa sabuni. Shuka zilizolowa zifuliwe peke yake. Mjamzito asiiguse hiyo ndoo. Hili hawaelezwi ipasavyo, na mara nyingi ndoo anabebeshwa binti wa miaka kumi.

Kibuyu cha Mlenda #7
Mbukwenyi wakuu. Hapo kwenye maji mengi ndipo tunapokufa. Sisi mgao unakuja usiku, mara unaruka. Tunanunua madumu ya kisima, maji yana chumvi mpaka chai inakataa maziwa. Mgonjwa akiyaonja anatapika. Sasa lita mbili au tatu kwa siku azitoe wapi?

Sista Mstaafu #8
Mbukwa. Si lazima yawe maji matupu. Uji mwepesi, supu, juisi, chai ya rangi, maji yenye limao, vyote vinahesabika. Chemsha ya kisima, yaache yapoe kabisa. Cha muhimu kibofu kisilale na mkojo wa jana.

Mtumishi wa Ihumwa #9
Naunga mkono #4, ila mashine zenyewe zinarithiwa. Jeni za hivi vimeng'enya zinatofautiana mno kwa Waafrika, na Afrika si moja. Mfano CYP2D6, kimeng'enya kingine cha kundi hilohilo. Kuna aina inayofanya kazi polepole, namba 17, ilielezwa kwa Wazimbabwe mwaka 1996. Nyingine, namba 29, ilichunguzwa kwa Watanzania na kuchapishwa 2001, nayo ni ya taratibu. Nenda Ethiopia ukute kinyume: utafiti wa 1996 ulikuta karibu watu 29 kwa 100 wana nakala za ziada za jeni hiyohiyo, wanavunja dawa mbiombio.

Na hiyo CYP2B6 ya saiklofosfamaidi, mnaikumbuka efavirenzi ya ARV? Wale waliokuwa wakiota ndoto za kutisha na kuamka wanayumba? Wengi wao CYP2B6 yao ni ya taratibu, efavirenzi inajaa mwilini. Ya taratibu si adimu hapa kwetu.

Kipara wa Area C #10
Mtumishi umejichanganya. Kama CYP2B6 ya taratibu inamfanya mtu ateseke na efavirenzi, basi kwa saiklofosfamaidi huyohuyo anatakiwa apate nafuu ya madhara, maana unga unatoka kidogo. Au nimesoma vibaya?

Dawa Baridi #11
Umesoma sawasawa. Hajajichanganya, dawa ndizo zinakwenda pande mbili. Ile inayoingia ikiwa hai, mashine nzito ni balaa. Ile inayoingia ikiwa imelala, mashine nzito inapunguza madhara na pengine tiba nayo. Kwa hiyo #1 hata tukijua ini la mama mdogo ni la kasi gani, kwa dripu mbili tofauti jibu linaweza kugongana.

Raha ya hadithi ni kwamba Wajerumani walioitengeneza saiklofosfamaidi miaka ya 1950 walitaka iamshwe na uvimbe wenyewe, mwili mwingine usiguswe. Ikaja kujulikana anayeiamsha ni ini.

Reli ya Mchana #12
Kwani si kweli hizi dawa asili yake ni gesi ya sumu ya vita? Babu yangu alikataa kabisa matibabu kwa sababu hiyo.

Mtumishi wa Ihumwa #13
Nusu kweli. Walioanza, pale Yale Marekani 1942, hawakutumia gesi yenyewe bali ndugu yake, nitrojeni mastadi, kwa mgonjwa wa saratani ya tezi za limfu. Saiklofosfamaidi ni ya ukoo huo. Lakini ukoo si tabia, #12. Babu angeambiwa na dawa ya panya inatumika kuzuia damu isigande angekataa na hiyo?

Reli ya Mchana #14
Angekataa. Alikuwa mtu wa Mpwapwa.

Bi Mkubwa wa Kondoa #15
Wanangu, mnazungumza ini kama kwamba sote tumeanza na ini zima. Mwaka 2016 huku Dodoma na Manyara watu walikula mahindi yenye sumukuvu, 68 wakaugua, 20 wakafa. Hao ni walioonekana. Wangapi walikula kidogo kidogo miaka yote, karanga zenye ukungu, mahindi yaliyolowa? Mimi nahisi maini ya kanda hii yamechoka tangu zamani. Mama mdogo wa huyu mtoto alikulia wapi?

MwanaNtyuka #16
Alikulia Chemba, Bi Mkubwa. Jirani ni mtu wa Kongwa.

Bi Mkubwa wa Kondoa #17
Ndiyo hivyo sasa. Chemba waliguswa sana.

Dawa Baridi #18
Shikamoo Bi Mkubwa. Hoja ina uzito ila isiende mbali sana. Sumukuvu yenyewe inaingia ikiwa haijawa kali, na vimeng'enya vya ini, ukoo uleule wa P450, ndivyo vinavyoigeuza kuwa kitu kinachoshika DNA. Ukiongeza na homa ya ini aina B, hatari ya saratani ya ini inapaa. Hilo halina ubishi. Lakini ini lina akiba kubwa, mtu anaweza kuwa alikula hayo mahindi na leo vipimo vyake vikawa safi. #1, majibu ya mama mdogo ya ini na figo yanasemaje?

MwanaNtyuka #19
Nimepiga picha karatasi. ALT na AST zipo ndani ya kawaida, bilirubini kawaida, kreatinini ya figo kawaida. Ndiyo maana nachanganyikiwa zaidi.

Kipara wa Area C #20
Ini zima, figo zima. Nirudie kuhusu boksi?

Sista Mstaafu #21
Kipara, wamekaa viti vinavyofuatana. Chupa zinatoka kwenye katoni moja.

Kipara wa Area C #22
Umeiona katoni?

Sista Mstaafu #23
Nimezifungua kwa miaka mingi kuliko nywele ulizobaki nazo mwanangu.

Chenene #24
😂😂 Mod funga uzi.

Mtumishi wa Ihumwa #25
Tuwekane sawa. ALT na AST zinaonyesha kama seli za ini zinaumia. Hazionyeshi mashine inasaga kwa kasi gani. Mtu anaweza kuwa na karatasi safi kabisa na CYP2B6 yake ikawa ya taratibu tangu tumboni kwa mama yake. Kipimo cha jeni ni kingine, na kwa dawa hizi mbili hakifanywi kama utaratibu wa kawaida, hata huko kwa wenye pesa.

Neema wa Makole #26
Habari zenu. Mimi nimepita hapo kwenye hizo dripu, namshukuru Mungu. Naona mnachanganya kutapika na kinga kushuka, wakati ni mambo mawili. Kutapika mimi kulitulia walipobadilisha dawa za kuzuia kichefuchefu, zile za saratani hazikuguswa. Kinga ilishuka vilevile. Muulizeni mama mdogo anapewa nini kabla ya dripu, na kama vile vidonge vya nyumbani anavimeza siku zote alizoandikiwa au anaacha akipata nafuu siku ya kwanza.

Dawa Baridi #27
#26 umegusa penyewe. Hata ondansetroni ya kuzuia kutapika inavunjwa na vimeng'enya hivihivi, mwenye kasi kubwa inamwishia mapema. Halafu kuna mambo yanayojulikana siku nyingi: wanawake hutapika kuliko wanaume, vijana kuliko wazee, aliyesumbuliwa na kichefuchefu cha mimba husumbuliwa na hapa, na asiyekunywa pombe hutapika kuliko mnywaji.

Kibuyu cha Mlenda #28
Subiri. Rudia hiyo ya mwisho polepole.

Chenene #29
Wakuu mimi naanza maandalizi leo, mvinyo wetu upo, bei ya kiwandani.

Dawa Baridi #30
Nilijua tu. Sijasema kunyweni. Pombe inaliharibu hilohilo ini tunalolitegemea, na yenyewe inachangia saratani ya titi, koo na ini. Nimesema tu takwimu za nani anatapika.

MwanaNtyuka #31
Mama mdogo ni mlokole, tone halijapita. Mimba zake zote alilazwa. Jirani sitamsemea, ila pale kwake kuna nyimbo Jumamosi.

Reli ya Mchana #32
Nihamishe mada kidogo. Baba yangu alipewa kapesitabini, vidonge, kwa ajili ya utumbo mpana. Viganja na nyayo vikawa vyekundu, vikababuka, ngozi ikawa laini inang'aa. Siku moja laini yake ya simu ikapotea, akaenda kwa wakala kurudisha. Kidole hakisomi. Wakala akafuta kioo kwa shati, akampaka mate, akajaribu gumba, cha shahada, mkono wa pili, vyote kumi. Mashine inasema jaribu tena. Foleni nyuma inaguna, mmoja akasema huyu mzee kitambulisho kaazima. Mzee wa watu ameshikilia kadi yake yenye picha yake usoni! Akarudi nyumbani bila laini. Hilo nalo ni ini?

Dawa Baridi #33
Pole kwa baba. Kinajulikana. Mwaka 2009 madaktari wa Singapore waliandika habari za mgonjwa wa miaka 62 anayetumia kapesitabini aliyezuiwa kwa muda wa saa nne uwanja wa ndege Marekani kwa sababu vidole havikuwa na alama. Walishauri wagonjwa wa namna hiyo wasafiri na barua ya daktari. Baba naye aombe barua.

Kuhusu ini: kapesitabini inapita hatua tatu. Ya kwanza kwenye ini, ya pili kwenye ini na kwenye uvimbe, ya tatu inafanyika zaidi kwenye uvimbe maana kimeng'enya chake kipo kwa wingi huko. Mwisho wake ni 5-FU, dawa ya zamani ya dripu. Hiyo 5-FU kimeng'enya kiitwacho DPD kinaivunja zaidi ya asilimia 80, na kwenye damu nusu yake inaondoka ndani ya dakika 10 hadi 20. Kuna watu wachache waliozaliwa na DPD pungufu. Dozi ya kawaida kwao ni sumu: vidonda mdomo mzima, kuhara kusikokoma, damu kuporomoka. Ulaya tangu 2020 wanashauri DPD ipimwe kabla ya kuanza.

Na si kuzaliwa tu. Japani 1993 ilitoka dawa ya mkanda wa jeshi, sorivudini. Waliokuwa wakitumia 5-FU wakapewa na hiyo, kumbe inazalisha kitu kinachoifunga DPD. Zaidi ya watu kumi walikufa kabla haijaondolewa sokoni.

Mzee wa Mizabibu #34
Mimi shemeji yangu kaambiwa akianza dawa asile zabibu kabisa. Nina shamba la zabibu Hombolo. Hii ni hujuma.

Mtumishi wa Ihumwa #35
Mzee, si zabibu, ni balungi. Lile tunda kubwa la jamii ya chungwa, chungu chungu. Lina vitu vinavyofunga kimeng'enya CYP3A4 kwenye utumbo, vidonge kama imatinibu ya saratani ya damu vinaweza kupita vingi kuliko kawaida. Zabibu zako hazina kesi.

Mzee wa Mizabibu #36
Asante mwanangu. Nimemtumia shemeji huu ujumbe na kreti moja.

Mganga Mstaarabu #37
Mmezuia mlonge lakini nasema. Wazee wetu walitibu kwa mizizi, hakuna aliyekatika nywele. Mwarobaini unasafisha ini, sumu ya hospitali inatoka. Wapeni wagonjwa.

Sista Mstaafu #38
2011 tulipanga foleni ya magari kwenda kikombe Loliondo. Nilikuwa na wagonjwa walioacha vidonge kwa sababu ya ile safari, waliporudi wengine tulikuwa tumechelewa. Sitaki kurudi huko.

Dawa Baridi #39
#37, vinkristini, dawa ya saratani, imetokana na ua la Madagaska, lile la waridi linalopandwa uani kwa watu hapa mjini. Nyingine, paklitakseli, ilitoka kwenye gome la mti wa Marekani. Kwa hiyo hakuna anayedharau mizizi. Shida ni kwamba huo mwarobaini unaosema "unasafisha ini" hujui unafunga kimeng'enya kipi na unakichochea kipi. Ukiufunga mlango wa kutolea dawa, umeiongeza dozi bila daktari kujua. Ukiuchochea, umempunguzia tiba.

Na kwa taarifa yako paklitakseli haiyeyuki kwenye maji, kwa hiyo wanaichanganya na mafuta ya nyonyo yaliyotengenezwa kiwandani. Mizio mingi ya ghafla inayotokea dripu ikianza inatokana na hayo mafuta, ndiyo maana mgonjwa anachomwa deksamethasoni na dawa za mzio kwanza.

Mganga Mstaarabu #40
Kwa hiyo nyonyo imekubalika hospitali. Asante, nimeshinda.

Neema wa Makole #41
Swali la kweli sasa. Baada ya dripu nimewekwa tamoksifeni, kidonge cha kuzuia saratani ya titi isirudi, miligramu 20 kila siku. Yule mtaalamu wa CYP2D6 aliye juu, hii si ndiyo inaigusa?

Mtumishi wa Ihumwa #42
Ndiyo. Tamoksifeni inageuzwa na ini kuwa endoksifeni, yenye nguvu mara nyingi zaidi, na anayefanya hatua kubwa ni CYP2D6. Mwenye ya taratibu anapata endoksifeni kidogo. Ila je, huyo saratani inamrudia zaidi? Hapo wakubwa wanavutana. Zipo tafiti zilizoona ndiyo, zipo zilizoona hapana. Usijipime mwenyewe kwa hofu.

Bodaboda Msomi #43
Tusisahau TB. Rifampisini, dawa ya TB, inaziamsha mashine nyingi za ini kwa pamoja, tamoksifeni inashuka vibaya sana mwilini. Huku wachimbaji na wafungwa wa zamani TB ipo. Mke wa rafiki yangu alikuwa anatumia vyote viwili kutoka kliniki mbili, kila kliniki inaandika kwenye daftari lake. Hakuna aliyeuliza daftari la pili.

Daktari wa Watoto #44
Nimepita tu kuongeza kitu kinachoninyima usingizi. Vinkristini kwa watoto. Kenya waliona watoto wao wanapata ganzi na udhaifu wa miguu kidogo sana, na wengi mno walikuwa na kimeng'enya CYP3A5 kinachofanya kazi. Tafsiri: wanaivunja haraka. Malawi mwaka 2010 wakachapisha kwamba watoto wenye utapiamlo na uvimbe mkubwa wa figo wa Wilms, dawa iliwatoka polepole. Tafsiri: ini lenye njaa halisagi. Sasa mtoto wa Bahi mwenye CYP3A5 nzuri na utapiamlo umwongezee au umpunguzie?

Bi Mkubwa wa Kondoa #45
Mpeni uji kwanza.

Daktari wa Watoto #46
Shikamoo. Kwa kweli ndicho tunachoanza nacho.

Kibuyu cha Mlenda #47
Bibi yangu yeye ni shingo ya kizazi, alikwenda Dar kwa mionzi, sasa hivi treni imerahisisha. Kila wiki alitundikiwa sisplatini na maji lita kwa lita. Hiyo nayo inapita mashine?

Dawa Baridi #48
Hapana, hiyo haihitaji ini. Ni madini ya platinamu. Mwaka 1965 Rosenberg wa Marekani alikuwa akipitisha umeme kwenye maji ya bakteria, wakaacha kujigawa, kumbe ni platinamu ya kwenye nyaya zake. Kwenye damu kuna kloridi nyingi, dawa inatulia. Ikiingia ndani ya seli kloridi ni chache, maji yanachukua nafasi yake, ndipo inashika DNA. Inatoka kwa figo na inaziumiza figo zenyewe, maji yale yote ni ya kuzilinda. Masalia ya platinamu yamekutwa kwa watu hata miaka 20 baada ya matibabu.

Kipara wa Area C #49
Miaka 20! Halafu mwasema saa 48 ndoo imeisha kazi.

Sista Mstaafu #50
Masalia na dozi ni vitu viwili, Kipara. Ndivyo ilivyo hata kwa nywele. Zinakatika wiki ya pili au ya tatu, dawa ilishatoka zamani. Seli nyeupe za damu, zile za kinga, zinafika chini kabisa siku ya 10 mpaka 14. Kinachoonekana siku hizo ni hasara ya siku ile ya kwanza.

MwanaNtyuka #51
Asanteni. Nimeongea na jirani jana, nikamuuliza siri. Akanicheka. Anasema akitoka kwenye dripu anapita sokoni kwa sababu nyumbani hakuna wa kupika, mume yuko Manyoni na watoto ni wadogo. Usiku halali, mdomo una vidonda, na kinga yake dozi ya pili ilishuka kuliko ya mama mdogo, ila yeye hakumwambia mtu. Nimebaki hivyo.

Mtumishi wa Ihumwa #52
Kwa hiyo swali limebaki nusu. Kutapika bado wanatofautiana.

Kipara wa Area C #53
Na boksi bado hamjalijibu.

Bodaboda Msomi #54
Wakuu kabla uzi haujalala: mama mkwe ana tamoksifeni, na kliniki nyingine ilimwandikia fluoksetini ya sonona baada ya mzee kufariki. Nimesoma #42 nikatetemeka. Nimwachishe ipi?

Dawa Baridi #55
Usimwachishe chochote kwa kusoma uzi! Fluoksetini kweli inaifunga CYP2D6, lakini kuikata ghafla ni tatizo jingine, na zipo dawa za sonona zisizoigusa sana. Jumatatu nenda naye kliniki ya saratani na maboksi yote mawili mkononi, na madaftari yote mawili.

Bodaboda Msomi #56
Sawa mkuu. Ana na kopo la unga wa mlonge, huwa anaficha chini ya kitanda.

Dawa Baridi #57
Na kopo.